Nikeli yangu ilipokataa kutulia

Katika maabara yetu hapa Arusha natengeneza vichocheo, yaani vitu vya kuharakisha mmenyuko, vya kupasua maji kwa umeme wa jua ili kupata haidrojeni. Elektrodi ya nikeli, kipande cha metali kinachoingiza umeme kwenye maji, ilinisumbua: kila ilivyozidi kukaa kwenye myeyusho wa potasiamu haidroksaidi, alkali inayosaidia maji kupitisha umeme, ndivyo ilivyotoa oksijeni kwa volti ndogo zaidi. Raha, ila ya kutiliwa shaka. Mchawi alikuwa chuma, kinachojificha ndani ya kemikali hiyo kwa kiasi kidogo mno, kisha nikeli inakinasa na kuwa kichocheo bora zaidi.

Nikaandaa nikeli haidroksaidi safi, tope la kijani, nikalitikisa ndani ya myeyusho huo ili linase chuma, nikaliacha lituame nacho, nikachota maji safi ya juu. Chupa za glasi nazo nikaziweka kando, maana ndani ya alkali huvujisha chuma; natumia plastiki. Vipimo vimetulia. Chuma sasa nakiongeza mwenyewe, kwa kipimo.