Siku moja kwenye fremu yangu ya steshenari Magomeni: bahasha 186, lebo za asali na rula moja

Saa 12:40 asubuhi

Natoka Mburahati kwa miguu, rula ya chuma imechomoza kwenye mfuko wa shati kama mwalimu wa hesabu. Jana mwanangu aliiazima kupigia mistari kwenye daftari, na leo nimeikuta chini ya kitanda baada ya kupekua nyumba nzima. Mke wangu kaniuliza kama nimepoteza dhahabu. Kwa kazi za leo, karibu na dhahabu.

Nina ahadi mbili. Kijana wa asali anataka lebo 100 kabla ya mchana. Katibu wa kamati ya harusi anataka bahasha 186 za kadi za mchango, zote na majina, leo jioni. Kikao cha kamati ni kesho, na kadi zisipotoka mapema michango nayo inachelewa. Anayeishi Dar anajua uzito wa jambo hili.

Saa 1:30

Nafungua fremu, nafuta vumbi, nawasha mashine. Nina printa mbili: ya leza kwa ajili ya kopi, na ya wino wa matangi kwa ajili ya bahasha. Sababu ya kuzitenganisha nilijifunza kwa hasara. Printa ya leza huyeyusha unga wa wino kwa moto, na moto huohuo huyeyusha gundi ya bahasha. Mwaka wa kwanza nilitoa bahasha arobaini za leza, zikatoka zimejifunga zenyewe, tupu. Mteja akaniuliza kadi atapitishia wapi.

Saa 2:15

Katibu wa kamati anaingia na pochi yake kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Orodha nimekutumia jana usiku, umeiona?"

Nimeiona. Ni meseji ndefu ya WhatsApp, na ni burudani peke yake. Namba 14 ni "Baba Mdogo wa Tabata". Namba 31 ni "Fundi wa friji na mkewe". Namba 58 ni "yule dada wa benki, mrefu". Namba 90 imeandikwa "wa kule kwetu wote", yaani familia nzima kwa bahasha moja.

"Mama, bahasha ikiandikwa 'yule dada wa benki, mrefu' atachanga kweli?"

Kacheka mpaka kakaa. Tumetumia nusu saa, yeye akipiga simu kuuliza majina kamili, mimi nikiandika. Fundi wa friji aligeuka kuwa Mhandisi, na kwa sauti niliyoisikia kwenye simu, Mhandisi hataki cheo chake kiachwe.

Saa 3:00 hadi saa 5:00

Mtu akisikia "kuprinti bahasha" anafikiria printa. Mimi nasema kazi iko kwenye orodha, printa inakuja mwishoni kula sifa.

Natumia LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi ambao ni bure na halali, hakuna cha kuiba wala kutafuta namba za kufungulia. Katibu aliona skrini akaniuliza mbona siyo Word. Nikamwambia hii ni ukoo wa OpenOffice, walitengana mwaka 2010, na OpenOffice hiyo iliwahi kuongea Kiswahili hapahapa mjini: mwaka 2004 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zote za Kiswahili. Kashangaa. Watu wengi wanashangaa. Mashine yangu ya leo imerudi kwenye Kiingereza, kwa hiyo majina ya menyu nitayaacha kama yalivyo ili ukiyatafuta uyaone.

Orodha naipanga kwenye Calc, programu yake ya majedwali. Mstari wa kwanza ni vichwa vya safu, maana programu ndipo inapojua kipi ni jina na kipi ni simu. Safu ya simu naigeuza kuwa maandishi kabla sijabandika chochote, la sivyo Calc inaona tarakimu, inadhani ni hesabu, inafyeka sifuri ya mbele. Namba zote zimepoteza sifuri na katibu wa kamati anapiga simu zisizokwenda popote: hilo limeshanikuta kwenye kazi ya nyuma, na nililipia vocha yake.

Kosa linalouma zaidi ni la heshima. Zamani nilikuwa naweka safu ya cheo, safu ya jina na safu ya mwenza, halafu kwenye bahasha naziunganisha kwa neno "na" katikati. Inapendeza mpaka ufike kwa mjane. Safu ya mwenza iko tupu, lakini "na" imebaki palepale, bahasha inasomeka jina la mama wa watu kisha "na", kama inamsubiri marehemu amalizie. Yule mama aliipokea, akaitazama, hakusema kitu. Mimi niliambiwa baadaye.

Tangu siku hiyo natumia safu moja tu, nimeiita BAHASHA, na ndani yake naandika maneno yote vilevile msomaji atakavyoyaona: Bw. na Bi., Alhaji na familia, Mchungaji na Mama Mchungaji, Dada fulani peke yake. Ni kuandika kwingi kuliko kuunganisha safu, lakini kila jina linapita mbele ya macho yangu. Wajuzi wa kompyuta wanaweza kunicheka. Wao hawatapigiwa simu na mjane.

Saa 5:10

Kijana wa asali kaingia na chupa moja ya mfano na pakiti ya karatasi za stika aliyonunua Kariakoo. Asali ni ya Tabora, nyeusi, inanukia moshi kidogo. Pakiti haina namba yoyote, imeandikwa tu kwamba ni lebo na ni A4.

Ukifungua LibreOffice Writer, ile ya kuandikia, ukaenda File, kisha New, kisha Labels, unapewa orodha ya kampuni na namba za karatasi zao, Avery wakiwemo. Namba ikiwa kwenye pakiti yako, unaichagua na vipimo vinajijaza. Pakiti za Kariakoo mara nyingi hazikupi raha hiyo. Ndiyo maana nilihangaikia rula.

Nimelaza karatasi mezani. Safu 3, mistari 7, lebo 21. Upana wa lebo milimita 63.5, urefu 38.1. Kutoka ukingo wa karatasi kushoto hadi lebo ya kwanza ni milimita 7 na robo hivi, kutoka juu 15 na kitu. Hapo kila mtu anafika. Mtego uko kwenye kisanduku kinachoitwa pitch. Kijana alishajaribu nyumbani na karatasi mbili zikaharibika. Nikamwomba anioneshe moja. Safu ya kushoto imekaa vizuri, ya kati imesogea kidogo, ya kulia jina la asali limekatwa na pengo.

"Hapa kwenye pitch uliweka ngapi?"

"63.5, si ndiyo upana wenyewe?"

Siyo. Pitch ni umbali wa kutoka ukingo wa kushoto wa lebo moja hadi ukingo wa kushoto wa lebo inayofuata, pengo likiwa ndani yake. Nimeweka rula hapo mbele yake: 66. Yeye alikosa milimita 2.5 kwa kila pengo. Kufika safu ya tatu mapengo ni mawili, maandishi yamerudi nyuma milimita 5. Kwenye lebo ndogo, milimita 5 ni jina la Tabora lote. Kwenda chini lebo hizi zimegusana, kwa hiyo huko pitch na urefu ni kitu kimoja, 38.1. Unaweza kuhakiki kwa hesabu ya shule: mara 7 ni 266.7, karatasi ya A4 ina 297, zinabaki 30.3, gawa mbili, unapata ile 15 na kitu ya juu. Hesabu ikikataa, pima upya.

Kwenye kichupo cha Options niliweka tiki kwenye Synchronize contents. Kwa tiki hiyo unaandika lebo moja tu, ile ya juu kushoto, unaipanga fonti na picha ya mzinga, unabofya kitufe kinachojitokeza, na lebo nyingine 20 zinaifuata. Kijana alikuwa amekopi na kubandika mara 21. Nilimwonea huruma.

Halafu karatasi ya kawaida kwanza. Sitoi stika bila kutoa karatasi ya kawaida, nikailaza juu ya karatasi ya stika, nikaziinua zote mbili kwenye mwanga wa mlangoni. Leo maandishi yote yalikuwa yamekaa juu kidogo na yamesinyaa kuelekea katikati. Ukiona yamesinyaa hivyo, acha vipimo vyako, nenda kwenye mipangilio ya printa: kuna mahali imejipangia kubana ukurasa uenee. Nikarudisha asilimia 100. Karatasi ya pili ikakaa sawasawa.

Karatasi 5, lebo 105. Zile 5 za ziada nikampa abandike chupa za zawadi. Akataka turudishe kwenye mashine karatasi aliyoharibu nyumbani, ambayo ameshabandua lebo mbili, tutumie zilizobaki. Hapana, ndugu yangu. Lebo iliyolegea ikibanduka ndani ya printa, bei ya fundi ni kubwa kuliko asali yote uliyoleta. Kaniachia chupa ya mfano. Sikukataa.

Saa 7:00 mchana

Adhana, kisha wali maharage kwa mama ntilie wa kona. Dada mmoja kanikuta nakula, anataka anwani kwenye bahasha ya kaki ya A4 ya maombi ya kazi. Kaki nene hivi siipitishi kwenye printa. Nimemtolea lebo moja yenye cheo, taasisi, S.L.P. na mji, nikaibandika kwa rula iwe imenyooka. Dakika 4.

Saa 8:20

Bahasha sasa. Faili la Calc nimelisajili kwanza kama hifadhidata, ili Writer iyasome majina: File, New, Database, unganisha na jedwali lililopo. Kisha kwenye Writer, Insert, Envelope. Unachagua hifadhidata yako, jedwali, safu ya BAHASHA, unaisukuma kwa mshale iingie kwenye kisanduku cha mpokeaji. Saizi ni DL, milimita 110 kwa 220, ile bahasha ndefu. Kichupo cha Printer kina picha ndogo za namna bahasha inavyolala kwenye mashine. Nimebandika karatasi yenye mchoro wa printa yangu ukutani, maana kila baada ya mwezi nasahau mfuniko wa bahasha unatazama wapi.

Ukibofya kuprinti, programu inauliza kama unataka barua za fomu, yaani nakala moja kwa kila jina. Unakubali. Lakini mimi siipeleki kwenye printa moja kwa moja, naihifadhi kama faili moja lenye kurasa 186. Napitia zote kwa macho. Nimekuta "Bw. na Bi." mbele ya padri. Nimefuta haraka, nikatazama mlangoni kama kuna aliyeona.

Bahasha za Dar zinakunywa unyevu wa hewa, zinashikana. Kila fungu la 20 nalipunga kama karata kabla ya kulilisha.

Saa 9:05 umeme ukakatika. Bahasha ya 61 ikabaki nusu ndani ya printa, imeandikwa "Familia ya" na hapo hapo basi. Nikakaa kizingitini na chupa yangu ya asali nikisubiri. Uliporudi saa 10 kasoro, nikaambia printa itoe ukurasa wa 61 hadi 186. Kama ningekuwa nimetuma moja kwa moja bila kuhifadhi faili, ningekuwa nahesabu bahasha kwa kidole kujua nimeishia wapi.

Saa 11:45 jioni

Katibu kaja na wasaidizi wawili. Wamezipanga juu ya kaunta kwa mafungu: ukoo wa bwana harusi, ukoo wa bibi harusi, kazini, mtaani. Wanasoma kwa sauti. Walipofika kwa Mhandisi wakapiga vigelegele. Nikapokea malipo, nikafunga hesabu, nikazima mashine zote.

Saa 1:10 usiku

Nimeshashusha geti nusu, simu inaita.

"Mwanangu, tumemsahau shangazi mkubwa wa bwana harusi."

"Mama, mashine nimezima. Nikuandikie kwa kalamu? Mwandiko wangu si mbaya."

Kimya kidogo upande wa pili.

"Zote za kuchapwa, ya shangazi ya kalamu?"

Nimepandisha geti. Mstari wa 187.