Siku ya 41: jozi ya pili imekubali

Sekunde 27: ndio muda ambao espreso imechukua kutoka, katika siku ya 41 ya mazoezi yangu ya mashindano ya barista, yaani watengeneza kahawa. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine, kwa sababu jozi ya pili ya espreso (vikombe viwili vinavyotoka kwa pamoja) ilikuwa ikinikimbia, yaani ikitoka haraka mno, wiki tatu mfululizo: sekunde 22, 23, siku moja 19. Jozi ya kwanza haikuwahi kunisumbua. Kahawa ile ile, gramu 18 zile zile, mkono ule ule, lakini majaji wawili wangepata kikombe kitamu na wawili wangepata uchachu mtupu.

Kwanza nilikilaumu kinu cha kusagia kahawa. Nilidhani kinapata joto, nikawa nakipumzisha kati ya jozi na jozi. Hakuna kilichobadilika. Nikaongeza nusu gramu kwenye jozi ya pili. Muda ukasogea kidogo, ladha ikaharibika zaidi. Nikanunua sindano za kuvuruga unga, zile nyembamba kabisa, na hapa niseme wazi: ni kifaa kizuri, sitarudi kusawazisha kwa kidole, ila hakikutibu ugonjwa wangu. Kishindilio chenye kina maalumu, kile cha kukandamiza unga, nacho kinanipa uhakika wa usawa hata mikono ikitetemeka. Kile kichujio cha kuweka juu ya unga sikitaki jukwaani. Ni kitu kimoja zaidi cha kuosha, na dakika 15 kwa vinywaji 12 hazina nafasi ya kuosha.

Kilichonifungua macho ni potafilta isiyo na mdomo, yaani mpini wa kushikia chujio ulio wazi chini, unaona kahawa ikitoka. Jozi ya pili ilirusha michirizi pembeni, kila mara pembeni, katikati kumetulia. Nikikagua keki, yaani unga ulioshikana baada ya kahawa kutoka, tundu liko ukingoni. Kwa hiyo maji yalikuwa yanajipenyeza kati ya unga na ukuta wa chujio, kile kikombe cha chuma chenye matundu kinachobeba unga. Kwa nini ukutani tu?

Jana mwenzangu alinirekodi video kwa ubavuni. Tuliitazama mara tano, ndipo akasema, "Dada, hebu tazama hicho kitambaa chako."

Kilikuwa kimelowa. Kabla ya zoezi nafuta machujio kwa kitambaa kikavu, nina muda wa kutosha. Katikati ya zoezi nagonga keki, nasuuza chujio kwa maji ya mashine, napitisha kitambaa cha kiunoni, kile kile kinachofuta sinia la vikombe. Nilikuwa nikisambaza maji tu. Unga ukigusa ukuta wenye unyevu hapo ndipo maji yanapata upenyo.

Leo nimejaribu kwa makusudi: jozi kumi kwenye chujio kavu, kumi kwenye chujio bichi. Kavu zote zimeangukia kati ya 26 na 28. Bichi hata moja haikufika 24. Karibu nilie, kwa sababu jaji wa ufundi hutazama hili waziwazi: chujio liwe kavu na safi kabla ya kuweka kahawa. Ni mstari kwenye karatasi ya alama. Nimeusoma mara nyingi nikiuchukulia kama suala la usafi, kumbe ni ladha.

Sasa nina vitambaa vitatu: cha bomba la mvuke, cha meza, na cha machujio peke yake, hiki kinaning'inia kulia na hakigusi kitu kingine. Kufuta vizuri kunanila sekunde nne kila chujio. Nilikuwa namaliza kwa 14:52, hivyo sina akiba tena, na kila sekunde ya ziada ni alama moja. Nimekata sentensi mbili za hotuba ninayowatolea majaji, zile kuhusu vitanda vya kukaushia kahawa. Zinaniuma, nilizipenda.

Usiku huu ulipangwa kuwa wa kinywaji cha ubunifu, kile ninachokibuni mwenyewe. Sharubati ya maganda ya kahawa iko kwenye friji tangu Jumapili. Lakini nilipoonja vikombe vinne vilivyofanana kwa mara ya kwanza, nikagundua hotuba yangu inasema uongo. Nilikuwa nawaahidi majaji limau, na limau lile lilitoka kwenye jozi iliyokimbia. Kikombe halisi ni chungwa lililoiva, kisha asali, na mwisho kitu kama chai nyeusi kinachobaki ulimini. Jaji anapima kama ulichotaja ndicho anachokionja, kwa hiyo sharubati imesubiri. Nimekaa na daftari hadi saa sita usiku nikionja moto, vuguvugu, na karibu kupoa. Hilo la chai bado sijalipatia jina lake sawasawa. Kesho naonja tena kabla sijala chochote.