Mzee wa Kilburn na sokwe wa mwaka 1881

Juzi usiku mpwa wangu, yule wa Chumbageni, Tanga, alitupia picha kwenye grupu la ukoo. Mheshimiwa mmoja wa huko nyumbani, simtaji, kapachikwa uso wa sokwe, kavaa suti, ndizi mkononi, na chini yake maneno mawili ambayo siyarudii hapa. Dakika tano hazikupita, shangazi zangu wakawa wameshamimina vile vikatuni vya manjano vinavyotoa machozi kwa kucheka. Na mimi nilicheka, nisiwafiche. Nilishaandika "hahaha" nzima, kidole kiko juu ya kitufe, kisha nikafuta herufi moja moja.

Nilimkumbuka Mzee. Siyo marehemu baba, Mzee wa Kilburn, mtaa wa hapa London. Mlionisoma tangu enzi za kubeba boksi mnamjua: mjane, miguu imevimba, redio haizimwi, chai ya rangi nzito kama lami. Ndiye aliyenipokea siku ya kwanza kwa kunifungia mlango, nikiwa na sare yangu ya ulezi na mwavuli uliovunjika, nami nikamsikia ndani akiongea na ofisi kwenye simu: "Hamna Mwairishi? Basi hata Mpoland?" Hawakuwa na Mpoland. Nilisimama kwenye mvua dakika ishirini, akafungua. Mwezi wa tatu akawa ananiita mimi Mzee na mimi namwita yeye Mzee, kwa sababu nilipomweleza maana ya neno hilo alisema hajawahi kusikia lugha ambayo kumwambia mtu kachakaa ni kumheshimu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Februari. Mtambo wa kupasha joto nyumba ulikuwa umekufa tangu Ijumaa, fundi hatokei, kwa hiyo tulikaa jikoni tumewasha oveni na kuuacha mlango wake wazi, jambo ambalo ofisi wangelijua ningekuwa sina kazi. Akanituma chini ya kitanda chake nikalete "vile vitabu vya matusi." Nilidhani ni vile mnavyodhani na nyinyi. Kumbe ni majalada mazito ya Punch, gazeti la vichekesho la London lililoanza mwaka 1841, matoleo ya mwaka mzima yamefungwa pamoja. Alikuwa akiyanunua moja moja kwenye mnada wa mtaani kila akipata pensheni. Yalinuka kama kabati la bibi lililofungiwa masika nzima.

Akafungua mahali alipokuwa ameweka alama kwa tiketi ya basi. Akalaza kiganja chini ya picha kufunika maandishi, na dole gumba la mkono wa pili akalibandika juu ya kofia ya mmoja wa waliochorwa. Viganja vyenyewe vilikuwa vya mtu wa sururu. Miaka ya sitini alikuwa kwenye genge lililochimba njia ya treni ya chini ya ardhi, ile ya Victoria, na ukucha wa dole gumba hilo ulikuwa mweusi tangu huko.

"Huyu nani?"

Nikasogeza kichwa. Kwanza, nikiri, niliipenda kazi. Sisi tuliokua tukianza gazeti kwa kukitafuta kipanya kwenye katuni za Masoud tunaijua mistari ya mtu anayejua kuchora, na huyu alijua. Kati amesimama mwanamke mrefu mwenye kofia ya chuma, kanyooka kama nguzo, upanga mkononi. Kifuani kwake amejificha binti mwembamba analia, nywele zimemwagika. Na upande wa pili kuna mwanamume. Taya limechomoka mbele, mdomo wa juu mrefu kutoka puani hadi kwenye meno, pua kama imekanyagwa. Mkononi ana jiwe. Makoti ya binadamu, uso wa mnyama.

Oveni inavuma. Mzee ananitazama mimi, haitazami picha.

Nikajibu nilichokiona. "Sisi," nikasema. "Mtu mweusi."

Akakaa kimya kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei akasahau. Halafu kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda, kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kile kibaya, ikabidi niinuke nimpigepige mgongoni huku jalada linataka kuteleza mapajani. Alipopata pumzi, machozi yanamtoka, akaliondoa dole gumba. Kwenye kofia palikuwa pameandikwa neno la kusema ghasia, kutokuwa na serikali.

"Mimi," akasema. "Ni mimi huyo. Ni babu yake baba yangu, wa Mayo, Ireland, analima viazi kwenye ardhi ya mtu."

Nilitazama tena. Nikamtazama na yeye: macho ya buluu, ngozi nyeupe kiasi kwamba mishipa inaonekana mpaka kwenye kope. Nikarudi kwenye picha. Huwezi kuamini jinsi jicho linavyokataa kubadilika likishaamua.

Akanisimulia, na alisimulia kama jambo la juzi. Toleo la tarehe 29 Oktoba 1881. Wakulima wa Ireland walikuwa kwenye vita vya ardhi na makabaila wao, wanagoma kodi, wanafukuzwa mashambani. Umoja wao, Land League, ulizaliwa huko huko Mayo miaka miwili nyuma. Kiongozi wao, Parnell, alikuwa na siku kumi na sita tu tangu atiwe ndani gereza la Kilmainham, na Umoja wenyewe ulishapigwa marufuku. Mwanamke mwenye upanga ni Uingereza, na kwenye upanga pameandikwa Sheria. Hapo akanionyesha kitu ambacho nisingekiona hata kwa miwani: binti anayelia, naye ni Ireland. "Tumechorwa mara mbili kwenye karatasi moja," akasema. "Tukilia kifuani kwao, warembo. Tukidai shamba, nyani."

Kisha akapeleka ukucha ule mweusi pembeni mwa picha, kwenye herufi mbili zilizosokotwa pamoja, J na T. John Tenniel. Mzee hakutazama katuni yoyote bila kwanza kutafuta sahihi. "Mtukanaji muungwana huweka jina," alisema. Alijua kwamba Tenniel alikuwa na jicho moja tu linaloona, jingine liliharibika akiwa kijana kwenye mchezo wa panga na babaye, na kwamba mwaka 1893 Malkia alimpa cheo cha Sir. Alidai jicho lililopofuka ndilo lililokuwa upande wa Ireland.

Mengine tuliyapitia haraka. Jitu la mwaka 1882 lenye kisu kinachotiririka damu, baada ya wakubwa wawili wa serikali kuuawa Phoenix Park, Dublin. Popo mnyonya damu wa 1885, ana sura ya Parnell. Popo huyo Mzee alimpenda, kwa sababu wiki mbili baadaye gazeti la upande wao lilijibu kwa kuchora popo wa Kiingereza. "Angalau siku hiyo tulirudisha."

Mimi nikauliza, kwa utani tu, "Na sisi hatumo?"

Akanituma tena chini ya kitanda. Jalada la 1892, Desemba. Hii mnaijua, imo kwenye vitabu vya shule: Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, katanua miguu juu ya bara zima la Afrika, buti moja Cairo, jingine Rasi, kusini kabisa, bunduki begani, mikononi kanyoosha waya wa simu ya maandishi kutoka huku hadi huku. Aliichora Linley Sambourne. Nilishaiona mara mia. Lakini siku ile nilikuwa na macho ya kutafuta watu, nikatafuta. Hakuna hata mmoja. Hakuna nyani, hakuna binti analia, hakuna wa kurusha jiwe. Kuna ramani na soli za viatu. Tanga yetu iko kivulini huko, chini ya mapaja yake, na wala haikuwa yake, wakati huo ilikuwa ya Mjerumani.

"Nyinyi mlikuwa sakafu," Mzee akasema.

Nikafunga jalada. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alinyamaza, akachezea kikombe, halafu akasema, taratibu, akiitazama oveni: "Unajua, nyinyi mlipoanza kushuka melini, ndipo sisi hapa London tukaanza kuwa watu."

Nimeigeuza sentensi ile miaka yote hii. Kuna siku naisikia kama anaomba radhi kwa zile dakika ishirini za mvua. Kuna siku naisikia kama anashukuru, na shukrani yenyewe inaniuma kuliko mlango. Siku ile sikumuuliza. Nilimwekea sukari nyingine kwenye chai, ingawa alikatazwa.

Alifariki kabla ya Pasaka, zamu haikuwa yangu. Nilipopita kuchukua koti langu nyumba ilishafagiwa, majalada hayapo, na sikuwa na haki ya kuuliza.

Baadaye, peke yangu, nilikuja kuona katuni nyingine ya Sambourne yule yule, ya 1906: nyoka wa mpira mwenye kichwa cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kajiviringisha kwa Mkongo, anamkaba. Kwa hiyo hatimaye tulichorwa. Ni miaka miwili baada ya ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, juu ya ukatili wa Kongo, na Casement alikuwa Mwairishi, Waingereza wakamnyonga kwa uhaini mwaka 1916 hapa hapa London, gereza la Pentonville. Ningependa kujua Mzee angesema nini juu ya hiyo. Labda angetafuta sahihi kwanza.

Kwenye grupu, asubuhi, mpwa wangu hakuniacha. "Mjomba, tiki za buluu nimeziona. Mbona kimya?"

Nikamwandikia: "Nani kaichora?"

"Haijachorwa, mjomba. Nimeiambia tu simu."

Nikaikuza picha mpaka pembe ya chini, kulia, kisha kushoto.