Kumbukumbu ya mzinga: lenzi ya 200-500, furukombe wa Dunga na mpira wa Jumamosi

Januari 18

Lenzi imefika Kisumu kwa basi la usiku, imeviringishwa blanketi ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Ni mtumba. Aliyeniuzia anaacha ndege na kuhamia harusi. Mimi natoroka harusi kwenda kwa ndege, kwa hiyo tumepishana njiani.

Ni milimita 200 hadi 500, tundu la mwanga f/5.6 mwanzo mpaka mwisho, uzito kilo 2.3. Ukiongeza kamera, ni kilo tatu zinazoning'inia shingoni. Somo la kwanza nimelipata kabla ya saa nne asubuhi: hubebi kamera, unabeba lenzi kwa ule mguu wake wa chini, kamera inafuata kama mkia. Zile za f/4, zenye tundu kubwa zaidi, zinazopendwa na mabingwa zinauzwa bei ya gari la Probox, na mimi hata Probox sina.

Mradi wenyewe ni picha mbili tu, kabla ya mwisho wa Mei. Ya kwanza, furukombe, yule tai mla samaki, akizamisha kucha majini pale Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria. Ya pili, mchezaji akipiga mpira kwa kichwa, mpira ukiwa bado umebonyea kwenye paji la uso.

Januari 25

Dunga, saa tatu asubuhi. Furukombe alikuwa kwenye mti mkavu ng'ambo ya mafunjo, mita kama 150. Nikavuta mpaka 500, nikapiga picha sitini. Nyumbani nikazifungua kwenye kompyuta: manyoya ni uji. Si uji mzito, ule mwepesi wa mgonjwa.

Februari 1

Mechi ya mtaani karibu na Kondele, saa tisa mchana, jua la kupasua kichwa. Nilikaa nyuma ya goli nikilenga goli la upande wa pili. Uji tena. Nilimwandikia muuzaji ujumbe mrefu wenye maneno ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua. Namshukuru Mungu mtandao ulikuwa chini.

Februari 4

Leo nimefanya jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nimepigilia pakiti tupu ya unga kwenye ua, mita 15, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kamera juu ya tripodi, kidhibiti mtikisiko kimezimwa, kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiguse kitu. Maandishi madogo ya chini, yale ya virutubisho ambayo hakuna anayeyasoma, yamesomeka yote.

Saa saba mchana nimeihamisha ile pakiti mbali, mita 80, barabara ya lami ikiwa katikati. Herufi zinacheza. Ukitazama kwenye kioo unaona kabisa, unga unayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi.

Lenzi haina kosa. Ni mazigazi. Hewa ya moto inapochanganyika na ya baridi, kila tabaka linapinda mwanga kwa namna yake, na lenzi ndefu inakuza ule mpindo pamoja na ndege. Kasi ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, haisaidii. Ukipiga 1/4000 ya sekunde unapata uji ulioganda. Nilidhani ni jambo la mchana pekee, kumbe hata alfajiri ziwani lipo, kwa sababu maji yanashikilia joto la jana wakati hewa imeshapoa. Dawa ni moja: punguza hewa iliyo kati yako na ndege. Yaani sogea.

Nimekasirika kidogo. Nimenunua kitu cha kilo mbili ili nisisogee.

Jioni nikakaa na kikokotoo. Upana wa sensa yangu, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ni milimita 23.5. Ugawe kwa urefu wa lenzi, uzidishe kwa umbali, unapata upana wa kile kinachoingia ndani ya fremu. Kwa 500, mita 150, ni mita saba. Furukombe aliyetua ana sentimita 70 hivi, kwa hiyo alikuwa moja ya kumi ya upana, halafu mimi nikaenda kuikata picha na kumkuza. Kwa mita 50 upana ni mita 2.35, na mabawa ya furukombe yakifunguka yanafika mita mbili. Hapo ndipo penye picha. Nimeandika 2.35 kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha begi.

Februari 15

Kwa boti sasa. Nahodha ni mzee aliyezaliwa hapahapa Dunga. Alipoona nimesimamisha tripodi akacheka bila sauti, na baada ya dakika mbili nikajua sababu: injini inatetemesha mbao, mbao zinatetemesha miguu, miguu inatetemesha picha. Nimeikunja. Badala yake nina mfuko wa kitenge uliojaa ndengu, unakaa ukingoni, lenzi inalala juu yake. Mke wangu ameuliza ndengu za wiki zimekwenda wapi. Nimemwambia ziko kazini.

Mwanga nao una mambo yake. Dunga inatazama magharibi. Asubuhi jua linatokea nchi kavu, kwa hiyo ukiwa ziwani na kulenga mafunjo unapata kivuli cheusi chenye mdomo. Jioni mwanga unageuka mzuri, lakini upepo wa ziwa umeshaamka na boti inaruka. Tulichoamua ni kukaa asubuhi karibu na mafunjo, jua mgongoni, tumngoje ndege atoke nyuma yetu kwenda majini.

Kuhusu kurusha samaki: wapo wanaomtia samaki kipande cha bua ili aelee, kisha wanapiga mluzi na furukombe anakuja kama mbwa wa nyumbani. Picha zinatoka safi. Mimi sitaki, si kwa utakatifu wowote, ila ndege akimeza bua sitalala. Tunakaa karibu na wavuvi wanaopanga nyavu. Ndege mwenyewe anajua saa ya kuja.

Leo hakuja. Nilikuwa nimeinua lenzi muda wote. "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, mzee akaniambia, "huo mzinga ushushe kwanza. Unamwonyesha bunduki halafu unataka ashuke?"

"Sawa, mzee."

Nikaushusha. Alitua mdiria kwenye nguzo, mita 12. Picha ya kwanza ya mradi huu ambayo sikuhitaji kuisingizia kitu.

Machi

Mvua. Gugumaji limeziba njia ya boti wiki mbili. Nimefanya mazoezi na yangeyange wa jalalani, wasioogopa mtu wala lenzi. Fokasi nimeihamishia kitufe cha nyuma, kidole gumba kinafuata ndege, cha shahada kinapiga tu. Kundi la nukta 9 za fokasi linanitosha. Nikifungua zote 51 kamera inapenda mafunjo kuliko ndege.

Machi 29

Uwanja uleule, lakini nimefika na ile 2.35 kichwani. Mchezaji aliyesimama, kamera ikiwa wima, anaijaza fremu kwa mita 50 nikiwa 500, na kwa mita 20 nikiwa 200. Hesabu ni ileile. Ndiyo maana kwenye mpira nimeanza kuipenda zumu kuliko lenzi ya urefu mmoja: mchezo unakujia, na wewe huwezi kurudi nyuma, nyuma kuna muuza mahindi.

Nimekaa karibu na kibendera cha kona, chini kabisa, makalio juu ya kreti ya soda. Goli la mbali sililengi tena, hata wakifunga. Kasi 1/1250, ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, imepanda hadi 3200 wingu lilipokuja. Tabu ni pete ya zumu: safari yake ni ndefu mno, mkono unageuka mara mbili kutoka 500 hadi 200, na kona mbili nimezikosa nikiwa bado nazungusha kama nafunga mfereji.

Ya tatu sikuikosa. Beki ameruka, macho amefumba, mpira umebonyea upande mmoja kama embe lililoanguka, na matone ya jasho yanaonekana yakitoka kwenye nywele. Nimemwonyesha baada ya mechi. Ameitazama sana, akasema, "Kumbe mimi hufumba macho."

Picha moja imeingia.

Mei 10

Saa moja kasoro robo. Ziwa shwari, wavuvi wanapanga nyavu, furukombe yuko juu ya nguzo nyuma yetu. Mzinga uko mapajani, umelala juu ya ndengu. Kasi 1/2000, lenzi kwenye 500.

Ndege akainamisha kifua. Akanya. Mzee hakugeuka hata kichwa, alisema tu, "Huyo."

Kamera yangu inapiga picha 6 kwa sekunde, na baada ya kama sekunde tatu inakwama kupumua. Nilingoja mpaka miguu yake ikaja mbele, ndipo nikabonyeza. Maji yakapasuka. Halafu kimya, na yeye anapanda na ngege mdogo kuelekea Hippo Point.

Nimezitazama palepale, kofia imefunika kioo. Ya kumi na moja: kucha zote nane ndani ya maji, jicho kali, hata unyuzi wa mafunjo ulionasa kidoleni unaonekana. Hakuna uji. Ila hakuwa mita 50, alikuwa 30 au chini yake, na bawa la kushoto limeishia kwenye ukingo wa fremu.

Nikampa mzee kamera. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza machoni.

"Bawa lingine umemwachia nani?"

Kwa mita 30, ile 2.35 inapatikana kwenye 300. Nimebandika selotepu nyekundu hapo juu ya pete, na Jumamosi nimemwomba mzee anipitie saa kumi na moja na nusu.