Mboni moja ikitanuka

Wanafunzi wengi wa utabibu hapa Tabora huujua ubongo wa kati kwa mchoro wa mtihani: miguu miwili mbele, vilima vinne nyuma, mfereji katikati, basi. Mchoro hauna kosa. Ila haukwambii kwa nini dereva wa bodaboda akiletwa usiku ameanguka bila helmeti, ukishahakikisha anapumua na mapigo yapo, unashika tochi kumulika mboni.

Ubongo wa kati una urefu wa sentimita 2 hivi, juu ya ponsi na chini ya thalamasi, sehemu jirani za ubongo. Njia za kupanda na kushuka kati ya ubongo mkubwa na mwili zinapita humo zimebanana, ndiyo maana jeraha dogo hapo huleta balaa kubwa. Mbele ziko nyuzi zinazoamrisha misuli ya upande wa pili wa mwili. Zinafuata dutu nyeusi, yenye seli za dopamini (kemikali inayosaidia kuratibu mwendo), na kiini chekundu. Kisha mfereji wa maji ya ubongo, upana wake milimita 1 hadi 2 tu; ukiziba kwa mtoto mchanga, kichwa hukua kupita kiasi na macho huelekea chini. Nyuma kabisa ni vilima: viwili vya juu hugeuza macho kufuata kilichotokea ghafla, viwili vya chini hupokea sauti.

Sasa neva ya tatu ya kichwa, inayotokea mbele, katikati ya ile miguu miwili. Hii huinua kope, huzungusha jicho sehemu kubwa na kusinyaza mboni. Mwanga ukiingia jicho moja, habari hufika ubongo wa kati na amri hutoka kwa macho yote mawili. Kwa hiyo mulika jicho moja, tazama yote mawili. Jicho kipofu kwa ugonjwa wa neva ya kuonea ukilimulika, hakuna mboni inayosinyaa. Ukimulika lenzake, zote husinyaa. Neva ya tatu ikiharibika, mboni ya upande ule haisinyai hata umulike wapi.

Pima hivi: punguza mwanga chumbani, leta tochi kutoka pembeni, usimwelekezee usoni moja kwa moja maana akitazama karibu mboni husinyaa zenyewe. Andika ukubwa kwa milimita. “Mboni ziko sawa” si kipimo. Anayekupokea zamu hawezi kulinganisha.

Mtu aliyegonga panja anaweza kuamka, akaomba maji, akasema hana shida, huku mshipa ukivuja kati ya fuvu na utando wa ubongo. Damu ikijaa, ubongo wa upande huo husukumwa chini na kuibana neva ya tatu. Nyuzi za kusinyaza mboni ziko juujuu ya neva, ndizo zinazobanwa mwanzo. Mboni inatanuka, mgonjwa anasinzia, kisha mkono na mguu, kwa kawaida vya upande wa pili, vinalegea. Hapo usimpe dawa ya usingizi ili “atulie”. Oksijeni, shingo isigeuzwe, kichwa cha kitanda juu digrii 30, na rufaa ianze sasa hivi, hasa kama uko Sikonge au Urambo na safari bado.

Neva ya tatu ikiugua kwa mgonjwa wa kisukari, ni kinyume chake: kope linaanguka, jicho linaelekea nje, lakini mara nyingi mboni inasinyaa vizuri, kwa kuwa kilichokosa damu ni nyuzi za ndani ya neva. Kope likianguka na mboni ikatanuka, tena kichwa kikiuma ghafla, fikiria mshipa uliovimba unaotaka kupasuka.

Kuna mitego, yaani mboni kubadilika bila ubongo wa kati kuwa na shida. Matone ya atropini (dawa inayotanua mboni), jicho lililowahi kuumia, upasuaji wa mtoto wa jicho. Na kwenye mashamba ya tumbaku, dawa za wadudu: mboni zote mbili zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, mate na jasho vinamwagika. Hapo ubongo wa kati hauna kosa, sumu inafanya kazi kwenye misuli ya jicho lenyewe. Ukishatoa atropini kuikabili sumu hiyo, ongeza dozi kwa kufuata majimaji ya kifuani kukauka, si kwa kutazama mboni.

Kuhusu kutetemeka kwa wazee: kabla ya kusema ni ugonjwa wa Parkinson, yaani seli za dutu nyeusi zimekufa, uliza dawa anazotumia. Haloperidoli (ya magonjwa ya akili) na metoklopramaidi (ya kutapika) huzuia dopamini isifanye kazi, seli zikiwa nzima kabisa.