720,720: namba inayogawanyika kwa 1 hadi 16

Watoto wa shule za msingi hapa Tabora hufundishwa KDS, kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa, lakini mazoezi mengi huishia kwenye namba mbili au tatu. Wape namba zote kuanzia 1 hadi 16. Jibu ni 720,720.

Wengi hukimbilia kuzidisha zote, 1 × 2 × 3 hadi 16, wakapata 20,922,789,888,000. Inagawanyika kweli, ila imebeba mzigo usiohitajika: 12, kwa mfano, haileti kitu kipya kwa sababu 4 na 3 zimeshaingia. Kwa kila namba tasa chukua kipeo kikubwa tu. 16 inadai 2⁴, 9 inadai 3², halafu 5, 7, 11 na 13 mara moja moja.

Kujua idadi ya vigawo, ongeza 1 kwenye kila kipeo kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi kiasi hicho.

Uzuri wake hasa, kwangu, ni ile 720 inayojirudia. 720,720 ni 720 × 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Ndiyo maana hata 345,345, au yoyote ya tarakimu sita inayorudia tatu za mwanzo, hugawanyika kwa 7, 11 na 13.

Ukigawa 720,720 kwa 17, hubaki 5. 18 inaingia sawasawa, mara 40,040, lakini ili mfululizo ufike 18 bila kukatika lazima uzidishe kwa 17: 12,252,240.