Ludwig Göransson, produza anayejua kusikiliza

Jamani huyu jamaa namkubali sana, Mswidi kazaliwa 1984 lakini alipopewa kazi ya muziki wa filamu ya Black Panther hakujifungia studio na kompyuta, alifunga safari mpaka Senegal, akaambatana na mwanamuziki wa huko, Baaba Maal, kwenye ziara yake huku anarekodi wanamuziki wa kule. Ile ngoma inayobanwa kwapani, tama, ndo sauti ya T'Challa, shujaa wa filamu hiyo, ukitega sikio utaisikia kabisa inaita jina lake! 2019 akabeba Oscar, na Grammy pia kwa kuprodyuzi wimbo This Is America wa Childish Gambino. Oscar ya pili 2024, Oppenheimer, hapo fidla ndo imebeba filamu, na mkewe ni mpiga fidla, walitafuta zile sauti pamoja.